Pua iliyotiwa krisma: milango ya fahamu na kumjua Mungu katika Kanisa la karne za mwanzo

Katika Yerusalemu ya karne ya 4, mtu aliyeomba ubatizo alifundishwa Kwaresima nzima. Alisomewa Maandiko kuanzia kitabu cha Mwanzo, akaelezwa Kanuni ya Imani kifungu baada ya kifungu, akaonywa juu ya dhambi. Lakini habari za maji, mafuta, mkate na kikombe hakufafanuliwa. Usiku wa Pasaka alivuliwa nguo, akapakwa mafuta mwili mzima, akazamishwa, akatiwa krisma, yaani mafuta matakatifu yenye manukato, akala, akanywa. Ndipo katika juma la Pasaka askofu alipomkalisha na kumweleza yale ambayo ngozi yake, pua yake na ulimi wake vilikuwa vimeshayapitia.

Sababu ya utaratibu huo imo mwanzoni kabisa mwa mahubiri 5 yanayoitwa Katekesi za Mafumbo. Mhubiri anawaambia waliobatizwa kwamba alitamani siku nyingi kuzungumza nao mambo haya, ila alijua kuwa kuona kunasadikisha kuliko kusikia. Akangoja hadi yale waliyoyapitia wenyewe yawatayarishe kumsikiliza. Mapokeo yanampa mahubiri hayo Sirili, aliyekuwa askofu wa Yerusalemu tangu karibu mwaka 350 hadi kifo chake kwenye 387 hivi. Wapo wataalamu wanaompa Yohane, mrithi wake. Mji ni uleule na ibada ni ileile, kwa hiyo hapa nitamwita Sirili.

Naanzia Yerusalemu makusudi. Anayeuliza Wakristo wa mwanzo waliuonaje mwili katika kumjua Mungu, kwa kawaida huelekezwa kwanza kwa Origene, mwalimu wa karne ya 3, na mafundisho yake juu ya hisi za ndani. Origene hana budi kusomwa, na nitamfikia. Lakini anayeanza naye hutoka akidhani kwamba watu wale walikuwa wanautoroka mwili. Anayeanza kwenye birika la ubatizo hukuta maaskofu wanaopaka mafuta masikioni na puani, kisha wanasimama kueleza kwa nini mafuta yamepakwa pale na si kwingine.

Maandalizi yenyewe yalikuwa mafunzo ya milango ya fahamu. Egeria, mwanamke aliyetoka magharibi mwa dola la Roma akazuru Yerusalemu kati ya mwaka 381 na 384, anaandika kwamba wakati wa Kwaresima askofu alifundisha kila siku kuanzia saa 1 hadi saa 3, tena baada ya makasisi kuwapunga pepo wale walioandikishwa. Sirili mwenyewe, katika hotuba yake ya kuwapokea, anagusia jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka: wakati wa kupungwa, uso wa mtu ulifunikwa kitambaa. Sababu anaitoa wazi. Jicho linalozurura huuzurulisha na moyo, na macho yakifunikwa masikio hayazuiliki kupokea neno la wokovu. Huyu ni mwalimu anayejua kwamba milango ya fahamu hugombania usikivu wa mtu, na anafunga mmoja kwa muda ili mwingine ufanye kazi. Hauchukii ule anaoufunga. Macho yatakuwa na zamu yao.

Katika hotuba hiyohiyo anawakataza kuwasimulia wakatekumeni, yaani wanafunzi wa imani ambao hawajabatizwa, mambo watakayoyaona. Mgonjwa naye huomba divai, anasema, lakini akipewa kabla ya wakati wake humtia wazimu; mgonjwa hufa na tabibu hulaumiwa. Kosa analolikwepa ni la mafundisho. Anayeelezwa alama kabla ya kuiona hubaki na maelezo, na akija kuikuta hutafuta tu kama inalingana na alichoambiwa.

Kuna jambo moja la nyumbani sana ambalo vitabu vya teolojia mara nyingi huliacha. Waliojiandaa kwa ubatizo walijinyima kuoga wakati wa Kwaresima. Agostino, askofu wa Hippo huko Afrika Kaskazini, akimjibu mtu aitwaye Januari kwenye mwaka 400 hivi, anaeleza kwa nini sehemu nyingi watu walioga Alhamisi Kuu: miili iliyokaa bila kuogeshwa siku zote hizo ingewakera wengine pale birikani. Weka hilo akilini unaposoma habari za manukato. Harufu nzuri ya usiku wa Pasaka ilimfikia mtu aliyekuwa ameishi na jasho lake mwenyewe kwa majuma.

Usiku wenyewe ulianzia ukumbini, nje ya chumba cha birika. Mtu alisimama akitazama magharibi, upande wa giza, akanyoosha mkono kana kwamba Shetani yuko mbele yake, akamkataa yeye, na kazi zake, na fahari zake, na ibada zake. Kisha akageuka mashariki, akaungama imani. Ndani akavua nguo zote. Akapakwa mafuta yaliyoombewa, tangu nywele za utosini hadi chini kabisa. Wanawake walipakwa na wanawake wenzao. Didaskalia ya Siria, kitabu cha taratibu za Kanisa cha karne ya 3, inataka shemasi wa kike kwa kazi hiyo. Kisha akaongozwa mpaka kwenye maji, akaulizwa kama anamwamini Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu, akazama na kuibuka mara tatu.

Hapo Sirili anaueleza mwili kwa mwili. Anawakumbusha kwamba walipozama hawakuona kitu, kama mtu aliye usikuni, na walipoibuka walijikuta kama mchana. Mara tatu za kuzama ni siku tatu za Kristo kaburini, na maji yaleyale yalikuwa kaburi lao na mama yao. Asiyewahi kufumba macho chini ya maji hawezi kuelewa sentensi hiyo sawasawa na aliyefumba. Ndiyo maana aliisema baada ya Pasaka.

Baada ya maji ikaja krisma, na hapa ndipo kila mtu anayejali mada hii anapaswa kukaa kwa muda. Sirili anataja mahali panne: paji la uso, masikio, pua, kifua. Kwa kila mahali anatoa sababu na andiko. Paji la uso, ili aibu ya mtu wa kwanza iondoke na uso usiofunikwa uuakisi utukufu wa Bwana. Masikio, ili yapate kusikia mafumbo ya Mungu, kama Isaya alivyosema kwamba Bwana alimwamsha sikio lake. Pua, ili waliopakwa waseme pamoja na Paulo: “Sisi tu manukato ya Kristo, mbele za Mungu.” Kifua, ili wavae dirii ya haki na kusimama dhidi ya hila za Ibilisi.

Angalia namna sababu ya pua inavyogeuka. Ya masikio ni ya kupokea: yafunguliwe yasikie. Ya pua haisemi tu kwamba mtu atanusa; inasema atanukia. Aliyepakwa puani anaivuta harufu ya krisma kwa kila pumzi, na wakati huohuo aliye karibu naye anaisikia harufu hiyohiyo kutoka kwake. Mwenye kujua na kinachojulikana vinakutana katika harufu moja. Jicho halina jambo la namna hiyo, maana kinachoonekana hubaki mbali na mwonaji. Harufu lazima iingie ndani ndipo ijulikane, na mtu hawezi kuikataa kwa muda mrefu kuliko anavyoweza kuzuia pumzi.

Mafuta ya zeituni nayo yanaifaa kazi hiyo. Manukato huyeyuka ndani yake, na joto la ngozi huyatoa polepole, wakati yale yaliyotiwa majini hupotea mara. Tertuliani, mwandishi Mkristo wa Karthago, akiandika mwanzoni mwa karne ya 3, anataja desturi mbili za huko: aliyetoka majini alionjeshwa maziwa yaliyochanganywa na asali, na tangu siku hiyo hakuoga kwa juma zima. Naona utamu wa asali mdomoni na mafuta yasiyonawiwa mwilini vilifanya kazi moja, yaani kuuongeza usiku ule uwe siku nane.

Milano walikuwa na namna yao. Ambrosi, askofu wa huko katika karne ya 4, kabla mtu hajaingia birikani, alimgusa masikio na pua kwa neno lile la Injili ya Marko: “Efatha, maana yake, Funguka.” Wasikilizaji wake walijua kwamba Yesu alimgusa yule bubu ulimi, hakumgusa pua, na Ambrosi analijibu swali hilo waziwazi. Wanaobatizwa ni wanawake pia, haifai mtumishi wa Kanisa kuwagusa midomo. Tena pua hufunguliwa ili mtu aivute harufu njema ya uchaji wa milele. Adabu na teolojia katika sentensi moja. Birika alilobatizia Ambrosi, lenye pembe nane, mabaki yake yako hadi leo chini ya kanisa kuu la Milano.

Sasa rudi kwa Sirili uhesabu. Paji la uso, masikio, pua, kifua. Macho hayamo. Yamewekewa zamu nyingine, nayo ni Ekaristi.

Maelekezo yake juu ya kukomunika ni ya kina kuliko yote tuliyonayo kutoka karne hiyo. Usije na viganja vimetandazwa wala vidole vimeachana. Ufanye mkono wa kushoto kuwa kiti cha enzi cha mkono wa kulia, kwa sababu wa kulia unampokea Mfalme. Kunja kiganja kiwe na shimo, upokee Mwili wa Kristo, uitikie Amina. Kabla ya kula, uyatakase macho yako kwa kuyagusisha Mwili huo mtakatifu, na uangalie kisidondoke hata chembe, maana mtu akikupa vumbi la dhahabu ungelishika kwa uangalifu wote. Kisha uende kwenye kikombe, hapo usinyooshe mikono bali uiname kwa heshima, useme Amina, unywe. Na unyevu ukiwa ungali midomoni, uuguse kwa mikono uyatakase macho, paji la uso na viungo vingine vya fahamu.

Kipengele hicho cha mwisho ni cha ajabu, na kinapaswa kubaki cha ajabu. Askofu anamwambia mtu mzima ajipake machoni unyevu wa kikombe. Na ni askofu yuleyule ambaye, aya mbili tu kabla, mwimbaji akiimba “Onjeni mwone ya kuwa Bwana yu mwema,” anaonya kwamba hukumu isiachiwe koo la mwili bali imani isiyo na shaka. Onja, lakini usiuamini ulimi wako. Gusa kila mlango wa fahamu, lakini usiufanye mwamuzi.

Wengi huona mgongano hapo. Mimi naona ndiyo ufunguo wa mada nzima. Ulimi unapoleta habari ya mkate, hausemi uongo; unasema kweli yote iliyo ndani ya uwezo wake. Kosa hutokea mtu anapodhani kwamba baada ya ulimi kusema hakuna la kuongeza. Mlango ni wa kupitia, na asiyeupita hafiki ndani, lakini mlango haukai kitini kuhukumu.

Tertuliani alikuwa ameshaitetea nusu ya hoja hiyo zaidi ya miaka 100 kabla. Katika kitabu chake juu ya nafsi anawajibu wanafalsafa waliosema hisi hudanganya. Mfano wao mkuu ulikuwa kasia: lichovye majini, litaonekana limepinda. Tertuliani anasema jicho halina kosa. Maji ndiyo yanayoupinda mwonekano, na jicho limeleta sawasawa kile kilicholifikia. Vilevile mnara wa pembe nne unaoonekana wa mviringo kwa mbali, kisa ni umbali na hewa iliyo katikati. Kisha anaileta hoja kwa Kristo, na hapo sauti yake inapanda. Kama hisi haziaminiki, basi nani atahakikisha kwamba Kristo alimwona kweli Shetani akianguka, kwamba manukato aliyopakwa kwa ajili ya maziko yake aliyanusa kweli, kwamba aliionja kweli ile divai? Anaegemea pia mwanzo wa barua ya Yohane: “tuliloliona kwa macho yetu, tulilolitazama, na mikono yetu ikalipapasa.” Ukizivunjia hisi heshima, unakata tawi ambalo ushuhuda wa mitume umekalia.

Ni Tertuliani huyohuyo aliyeandika kwamba mwili ndio bawaba ya wokovu: mwili huoshwa ili roho isafishwe, hupakwa mafuta ili roho iwekwe wakfu, hula Mwili na Damu ya Kristo ili roho inenepe kwa Mungu. Kila kitendo kinaanzia kwenye nyama. Hakuna hata kimoja kinachoanzia rohoni na kushuka.

Haya, Origene. Alizaliwa Aleksandria karibu mwaka 185, akamalizia maisha yake ya ualimu Kaisaria ya Palestina. Kwenye mwaka 248 hivi alimjibu Kelso, mpagani aliyekuwa ameuchambua Ukristo miaka mingi kabla. Kelso alidhihaki habari za ubatizo wa Yesu: nani mwingine alimwona yule njiwa, nani aliisikia ile sauti? Jibu la Origene ndilo lililoizaa mada ya hisi za kiroho kwa vizazi vyote vilivyofuata. Ipo hisi ya kimungu, anasema, na ina aina tano: kuona kunakoona vilivyo bora kuliko miili, kama makerubi, kusikia sauti zisizotokea hewani, kuonja mkate wa uzima ulioshuka kutoka mbinguni, kunusa yale manukato ya Kristo anayoyataja Paulo, na kugusa kule ambako Yohane alimgusa Neno wa uzima kwa mikono yake.

Maandiko anayoyategemea ni machache na anayarudia mara nyingi: mstari wa Mithali 2:5, ambao yeye anausoma kuwa mtu ataipata hisi ya kimungu, na Waebrania 5:14, juu ya watu wazima ambao fahamu zao zimezoezwa kupambanua mema na mabaya. Huo wa pili ndio mzito. Fahamu za ndani huzoezwa. Si zawadi inayomshukia mtu alalapo. Mtu huzikuza kwa kusoma Maandiko, kusali na kuishi vizuri, na Origene anajua kwamba hazikui sawa kwa wote. Katika mazungumzo yake na askofu Heraklide, yaliyopatikana kwenye mafunjo yaliyofukuliwa Tura karibu na Kairo mwaka 1941, anapita kiungo kwa kiungo akionyesha kwamba mtu wa ndani ana macho, masikio, pua, mikono na miguu kama mtu wa nje.

Udhaifu wake ni upi? Kwa Origene mtu wa nje na mtu wa ndani wanatumia majina yaleyale, lakini njia ya kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine ni kitabu. Unasoma neno “jicho” katika zaburi, unaelewa kwamba linasema juu ya jicho la ndani, unapanda. Maji na mafuta hayana kazi kubwa katika upandaji huo. Sirili, miaka 100 na zaidi baadaye, anazichukua aya zilezile, hata ile ya manukato ya Kristo, anazibandika kwenye pua halisi iliyolowa mafuta. Nadhani hapo ndipo wazo la Origene lilipopata miguu.

Kwa nini haikuwa hivyo tangu awali? Kwa upande wa harufu, sababu kubwa ni ubani. Kwa karne tatu za mwanzo ubani ulikuwa jaribio la uhai. Katika dhuluma ya kaisari Decius, mwaka 250, chembe chache kwenye makaa mbele ya sanamu zilitosha kumwokoa mtu na kifo, na waliokubali walibandikwa jina la wafukiza ubani. Tertuliani anawajibu waliolalamika kwamba Wakristo wanaharibu biashara: ubani kwa ajili ya miungu hatununui, lakini Waarabu wa Sabaa wanajua kwamba bidhaa yao hutumika zaidi na ghali zaidi kuwazikia Wakristo kuliko kuifukizia miungu. Kwa hiyo pua za Wakristo hao zilijua ubani kama harufu ya maziko na ya ukengeufu. Ulikuwa ubani uleule unaofika Zanzibar na Mombasa hadi leo kutoka Dhofar na Somalia: gome la mti hukwanguliwa, utomvu mweupe hutoka, ukakauka kwa wiki mbili hivi, ukabanduliwa.

Katika muda huo, harufu nzuri ilionekana kwa mashahidi tu. Simulizi la kifo cha Polikarpo wa Smirna, katikati ya karne ya 2, linasema moto ulijikunja kumzunguka kama tanga lililojaa upepo, naye katikati yake hakuwa kama nyama inayoungua bali kama mkate unaookwa, na watu wakasikia harufu kama ya ubani. Barua juu ya mashahidi wa Lyon, mwaka 177, inasema waliotoka gerezani walinukia kiasi kwamba wengine walidhani wamejipaka manukato ya kidunia.

Kisha amani ikaja, na Egeria anatuonyesha mabadiliko kwa karibu. Jumapili, jogoo akiwika, umati unaingia Anastasi, kanisa lililozunguka kaburi la Bwana. Zaburi tatu, sala tatu. Baadaye vyetezo vinapelekwa ndani ya pango la kaburi mpaka kanisa lote linajaa harufu, na hapo askofu anashika Injili na kusoma habari za ufufuko. Watu wanalia kwa sauti. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa kwamba wanawake walikwenda kaburini alfajiri na manukato. Pua zao zilikuwa zimeshafika.

Egeria huyohuyo ana habari za Ijumaa Kuu ambazo zinafaa kusomwa na kila anayedhani ibada ya zamani haikuwa na fujo. Mti wa Msalaba unawekwa mezani, askofu ameketi ameushika ncha zote mbili, mashemasi wamesimama kuulinda. Watu wanapita mmojammoja, wanainama, wanaugusa kwa paji la uso, kisha kwa macho, wanaubusu. Mkono haunyooshwi. Ulinzi umewekwa kwa sababu, inasemekana, mtu mmoja aliwahi kuung'ata akaondoka na kipande. Ndiyo hatari ya milango ya fahamu iliyoachwa bila nidhamu: inataka kumiliki inachokigusa.

Aliyeieleza mipaka ya maarifa haya kwa usahihi kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Gregori wa Nisa, askofu wa karne ya 4, katika mahubiri yake juu ya Wimbo Ulio Bora. Mstari ni huu: “Jina lako ni kama marhamu iliyomiminwa.” Gregori anafikiria chupa iliyokuwa na marhamu, imemwagwa yote, imebaki na harufu hafifu ukutani mwake. Anayeinusa hawezi kusema marhamu yenyewe ilikuwaje. Anakisia kutokana na mabaki. Majina yote tunayompa Mungu, anasema, ni mabaki ya harufu hiyo chupani. Hapa hisi inafundisha jambo ambalo hoja kavu hulifundisha kwa shida: mtu anaweza kujua kwa hakika kwamba kitu kilikuwapo, kuvutwa nacho, na bado asikishike.

Agostino naye, katika kitabu cha 10 cha Maungamo, anazipanga hisi zote tano katika aya moja: Mungu aliita na kuuvunja uziwi wake, akamulika, akanukia, akaonjwa, akagusa. Aya hiyo husomwa sana peke yake. Isomwe pamoja na kurasa zinazofuata, ambamo anakiri kwamba wimbo unapomgusa kuliko maneno yanayoimbwa, anaona ametenda kosa, na hajui kama ni heri kuimba au kunyamaza. Hofu hiyo ni ya kweli na inastahili heshima.

Hatari ya upande wa pili ilishughulikiwa na Diadoko, askofu wa Fotike huko Epiro, katika karne ya 5. Wakati wake walikuwapo wamonaki waliotaka kumhisi Roho Mtakatifu kwa namna ya kuonekana na kuguswa. Diadoko anakubali kwamba akili ina hisi yake, tena anaieleza kwa ulimi: mwenye afya hutofautisha chakula kizuri na kibaya bila kukosea, na vivyo hivyo akili iliyotakata huonja faraja ya Mungu na kuitambua. Lakini anaweka kanuni kali. Asiwepo mtu, akisikia habari za hisi ya akili, anayetumaini kwamba utukufu wa Mungu utamtokea machoni. Kama mwanga au umbo la moto likikujia, usilipokee. Katika maisha haya tunaenenda kwa imani. Wanaotafuta maono leo wangefaidika na kurasa hizo chache kuliko na vitabu vinene.

Ibada zenyewe hazikupotea zote. Kanuni ya zamani inayoambatanishwa na Mtaguso wa Konstantinopoli inataja paji la uso, macho, pua, kinywa na masikio kuwa mahali pa kupaka krisma. Waorthodoksi, ambao Kenya, Uganda na Tanzania wako chini ya Patriarki wa Aleksandria, hupaka krisma viungo hivyo pamoja na kifua, mikono na miguu, kila mara wakisema ni mhuri wa kipaji cha Roho Mtakatifu. Wakopti hupaka mara 36. Kwa Wakatoliki wa Kilatini, kipaimara kimebaki na paji la uso, na Efatha imebaki katika ubatizo. Ila hadi marekebisho ya 1969 padre aligusa masikio na pua kama Ambrosi, na sasa hugusa masikio na mdomo.

Nasikitika kwamba pua imeachwa. Lakini krisma ingali na balsamu, utomvu wa mti wenye harufu nzuri, na askofu huichanganya katika Misa ya Krisma mbele ya watu. Parokia inayotaka kuyapata tena mafundisho ya Sirili haihitaji ruhusa mpya. Paroko apake mafuta ya kutosha kusikika harufu, si alama ya kidole kikavu; msaidizi asisimame kando na pamba kufuta papo hapo; mama aambiwe asimwogeshe mtoto kichwa jioni ile. Na katekista asiseme chochote juu ya manukato ya Kristo mpaka Jumapili inayofuata, familia ikisharudi kanisani.